Walitaka daktari mzungu, mi nilikua na mama muuza dagaa wa Katonga

Mwakeye ndugu zangu wa Kigoma, nyie wa Ujiji, Mwanga, Kibirizi, Katonga mpaka Mwandiga huko, habari za mchana. Hapa Los Angeles saivi ni saa kumi alfajiri, huko kwenu saa nane mchana, ndo nimetoka shifti ya usiku ya kuangalia wazee, chai hii hapa, na kabla sijalala nataka tuongee hii kitu ya kuuza skripti ya filamu maana meseji zimekua nyingi, dada nimeandika skripti nampelekea nani, dada prodyuza kasema stori kali alafu kapotea hapokei hata simu. Leo nawajibu wote.

Kwanza mumuelewe huyu mnaemuuzia. Mi miaka yangu ya kwanza hapa nilijua mnunuzi ni mtu anaetafuta stori nzuri, kumbe ni mtu anaelinda kazi yake. Sio mtu mbaya, mwelewe tu. Yule unaekaa nae kwenye mitingi mara nyingi hela sio yake, akishakusikiliza inabidi apande juu akamsimulie bosi wake kwa mdomo wake mwenyewe, na bosi ana bosi wake, na kila mlango maswali ni yale yale, hii imetoka kitabu gani, inafanana na filamu gani iliyouza, nani atacheza. Ndo maana wanakimbilia vitu ambavyo watu wameshavizoea, kitabu kilichouza, katuni ya zamani, filamu iliyofanya vizuri wanaitolea ya pili na ya tatu, kwa sababu hiyo hata ikibuma atasema jamani si wote tuliikubali. Yako ambayo haijatoka popote ikibuma lawama ni ya kwake peke yake. Na nyumbani ni hivo hivo, mnakumbuka enzi za sidii, msambazaji wa Kariakoo hafungui hata karatasi ya kwanza, anauliza staa nani tumuweke kwenye kava.

Ushahidi wa haya ninayosema upo. Mwaka 2005 jamaa mmoja anaitwa Franklin Leonard, alikua anafanya kazi humu humu kwenye filamu, aliwaandikia wenzake wa kwenye makampuni akawauliza, mwaka huu skripti gani umeipenda sana na haijatengenezwa, akakusanya majibu akatoa orodha, ndo Black List mpaka leo inatoka kila mwaka. Sasa hebu fikiria hiyo. Watu ambao kazi yao ni kutafuta skripti wanakiri wenyewe hii niliipenda, na bado imelala mezani. Na ziko zilizokuja kutengenezwa zikafika mpaka kwenye Oscar. Mi nilivosoma hilo nililia, kweli kabisa, maana nilikua nimeshaanza kuamini kwamba nikiambiwa hapana basi nimeandika vibaya.

Haya sasa yangu. Skripti yangu ni ya mama muuza dagaa, inatokea Katonga, siku za mbalamwezi. Nyie hata mtoto wa darasa la pili anajua mbalamwezi ikishawaka wavuvi wanapumzika, dagaa hawakusanyiki kwenye taa kwa sababu ziwa zima lina mwanga, mitumbwi inalala mchangani, na hizo siku ndo madeni yanatembea, ndo ndoa zinagombana, ndo mtu anakuja kugonga mlango anataka hela yake. Mimi nimekua na hizo siku. Bibi yangu anatandaza dagaa alfajiri kwa kiganja, anawapangusa hivi taratibu wasilaliane, na ukimsemesha akiwa na deni hakujibu, unasikia tu zile dagaa zinaanza kukauka zinalia chaka chaka chini ya mkono wake. Hiyo sauti ndo ukurasa wangu wa kwanza.

Nikaipeleka kwa kampuni moja hapa. Dada wa watu akaipenda, akasema ameisoma usiku mmoja, alafu akasema ila tufanye hivi, tumuweke daktari mzungu amekuja kijijini, watazamaji wamfuate yeye, na hapo Katonga tuseme tu kijiji cha Afrika. Wanangu nilikubali. Nilikaa miezi mitatu natoka kazini naandika, namtoa mama naingiza daktari, namtoa bibi, natoa mbalamwezi. Nikarudisha. Jibu likaja kwa imeli mistari miwili, asante sana ila tumeona haina upekee.

Haina upekee! Upekee nilikua nimeutoa kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu niliambiwa niutoe. Nilichojifunza hapo ni kwamba ukijaribu kumtoa mtu woga kwa kumfutia kilichokua kinamtisha, anabaki na kitu ambacho hata yeye hana sababu ya kukinunua. Woga wake unautibu kwengine, unamrahisishia kazi ya kupanda ngazi. Unampa maneno ya kwenda kumwambia bosi.

Kwa hiyo nikamrudisha bibi, nikamrudisha mama, nikakaa wiki mbili kwenye sentensi moja tu. Hiyo sentensi ndo inayosafiri, kurasa zako 100 hazipandi lifti, sentensi ndo inapanda. Yangu nikaifikisha hapa, mjane muuza dagaa wa ziwa Tanganyika ana siku saba za mwezi mkubwa, hakuna anaevua, kulipa deni la mtumbwi wa mumewe kabla giza halijarudi na mtumbwi haujaondoka na mwanaume mwengine. Mmarekani ambae hajui Kigoma iko wapi anaelewa. Saa inagonga, mtu anataka kitu, kuna anaemzuia. Wakiuliza kwa nini sasa hivi, na lazima wataliuliza hilo, nawaambia mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi ziwa Tanganyika miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, kwa hiyo swali la mtu wa ziwani anaishije siku ambazo ziwa limefungwa sio la kubuni. Watu wanainuka kwenye kiti ukiwaambia hilo. Na wakisema itakua gharama, nawaambia ufukwe mmoja, nyumba mbili, usiku saba, hakuna helikopta wala vita. Umeona? Kila woga una jibu lake na yule mama muuza dagaa yuko palepale.

Mambo ya karatasi nayasema haraka. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, fonti ni Courier saizi 12, ukileta kurasa 180 hawafungui. Programu za bure za kuandikia zipo, hata kwenye simu. Kabla hujamtumia mtu sajili, huko nyumbani COSOTA wapo, ile ofisi ya hakimiliki, na ujue sheria inalinda ulivoandika, wazo tupu halina ulinzi, kwa hiyo acheni kusimulia stori vijiweni kabla hamjaiandika. Alafu kuna kitu kinaitwa opsheni, hiyo ni kishika uchumba, mtu anakupa hela kidogo ili kwa muda fulani, mara nyingi mwaka au mwaka na nusu, usimuuzie mwengine wakati yeye anatafuta hela ya kutengeneza. Sio mahari hiyo. Soma muda unaisha lini na ukiisha skripti inarudi kwa nani, kama haijaandikwa usisaini, hata kama nyumbani hamna unga.

Na soko kwa sasa limebana, siwadanganyi. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na tv wa hapa waligoma siku 148, kuanzia 2 Mei, wanadai malipo na wanadai mashine za akili bandia zisije zikachukua kazi yao, na tangu pale naona wanunuzi wamekua wagumu zaidi. Mi mwenyewe bado naosha wazee usiku. Lakini mwezi uliopita prodyuza mmoja mdogo, ana watu wawili tu ofisini, amesaini opsheni ya miezi 18 na jina la Katonga limebaki, daktari hayupo. Nilimpigia bibi, akaniuliza kwani huyo mama deni analipa? Nikamwambia bibi subiri filamu. Akakasirika kweli kweli, akasema we niambie saivi mi nina miaka mingi, ikabidi nimwambie.

Sasa naomba msaada wenu. Wiki mbili zijazo naenda na huyo prodyuza kwa watu wa hela na nataka wasikie kabla hawajasoma. Alieko Katonga au Kibirizi, jioni giza likirudi mitumbwi inapoanza kutoka, nirekodie dakika moja, simu yoyote tu, usiongee, acha zile injini zinavowaka moja moja, ya kwanza, alafu ya pili inajibu, mpaka zote. Nitumieni hapo chini. Na kama bibi yangu yupo hapo ufukweni usimwambie unarekodi, atanyamaza.