Nauli haijaandikwa popote: siku ya kazi Nairobi mjini

Assalaam aleikum, na habari zenu wa Tanga, wa Muheza, wa Pangani na wote mnaonitazama. Shikamooni wazee wangu. Kabla hamjauliza mbona leo sitembei: nipo ghorofani kazini kwangu, dirishani, na hapo chini ni Tom Mboya Street. Huku mtu hatembei barabarani na simu mkononi akijirekodi kama tunavyofanya Raskazone. Juzi dada mmoja nisiyemjua kabisa alinigusa bega, akasema, "Kaka, weka simu ndani," akapita zake, hata sura sikuiona vizuri. Huo ndio upendo wa mji huu, hauna salamu ndefu. Basi leo mtauona kutokea juu.

Mjomba wangu wa Chumbageni kila tukiongea ananiuliza swali moja: nauli ya kwenda kazini ni shilingi ngapi? Swali jepesi, lakini jibu sina, maana kwetu nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, ikishatangazwa konda akizidisha mnagombana naye mpaka mwisho wa safari na abiria wote wapo upande wako. Nairobi bei inapangwa na wenye matatu wenyewe, na inafuata saa, mvua, na kama shule zinafunguliwa wiki hiyo. Mimi nakaa Rongai. Kiutawala Rongai ipo kaunti ya Kajiado, ila watu wake kila asubuhi wanamwagika Nairobi. Mchana gari zikiwa hazina watu nalipa 70. Asubuhi ni 100. Jioni mvua ikinyesha ni 150, na nimeshalipa 200 huku nimeloa. Shilingi moja ya Kenya chukulia ni kama 20 ya kwetu, halafu mjomba apige hesabu mwenyewe.

Haijaandikwa mlangoni, haijaandikwa kituoni. Utaisikia kwa makanga, yaani konda, anayening'inia: "Rongai mia! Mia, mia, mia!" Akikaa kimya, uliza kabla hujakaa. Ukishakaa umekubali.

Na kituoni kuna jambo lingine halijaandikwa, nataka mnisikilize hapa hasa ninyi mnaopanga kuja. Unafika, unaona matatu imejaa, zimebaki nafasi mbili. Unafurahi, unaingia, unalipa. Mara aliyekaa mbele yako anateremka. Dakika mbili, anateremka mwingine. Kumbe nusu ya wale hawaendi popote, ni vijana wa kituoni, wanalipwa chochote kidogo wakae ndani ili gari ionekane inaondoka sasa hivi. Kila akiingia abiria wa kweli, mmoja wao anatoka. Namna ya kuwajua: hawana mkoba, na wamekaa upande wa njia. Mwenye safari ya kweli hukimbilia dirisha. Siku hizi mimi nahesabu madirisha kwanza. Yakiwa wazi wakati katikati kumejaa, nasogea gari ya nyuma.

Gari zenyewe jamani! Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, alizibana: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo kisipite kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa njano ubavuni. Mstari mpaka leo upo, lakini juu yake wamechora kila kitu, wanasoka, wanamuziki, manabii. Za Rongai ndizo zinasifika kwa fujo. Ndani kuna skrini, taa za zambarau, na spika chini ya kiti, ukikaa siti ya nyuma unausikia muziki kwa mbavu. Vijana wanaiacha matatu ya kawaida inayoondoka, wanasubiri ile yenye jina. Mimi napanda ya wazee, isiyo na skrini, dereva anasikiliza taarifa ya habari. Inafika saa ileile, maana foleni haijui nani ana spika.

Kitu kimoja Rongai inaishinda mitaa yote: njia. Magadi Road inapita ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Upo kwenye matatu, unawaza kodi ya nyumba, unageuza shingo unaona ngiri wanachimba majani kandokando ya barabara mikia imesimama. Abiria wengine hawainui hata kichwa. Mimi bado nainua.

Baada ya hapo ni Langata Road, halafu uwanja wa Nyayo, na Nyayo ndipo unapoiona ile barabara ya juu. Kilomita 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilifunguliwa 2022. Inalipiwa. Basi sisi tumesimama chini, wenye magari yao wanapita juu ya vichwa vyetu, na kwenye mzunguko taa inawaka kijani lakini askari wa trafiki amenyoosha mkono, hatuendi. Macho ya dereva yako kwa askari, taa haitazami kabisa. Mnaonitazama kutoka Dar, hapo mimi huwa naikumbuka mwendokasi. Najua mtanicheka, najua mnavyosukumana Kimara, lakini angalau ile njia ni ya basi peke yake.

Tunashuka Railways. Mji wenyewe ulianzia pale pale, 1899, reli ya kutoka Mombasa ilipofika ikielekea Uganda wakajenga kambi na karakana, na mpaka leo watu wanamiminwa mahali hapohapo. Na baridi sasa. Tupo karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mwezi wa saba asubuhi unatoa moshi mdomoni. Wenyeji wamevaa makoti mazito na bado wanalalamika, sasa mtoto wa Tanga asemeje?

Kutoka Railways nakata Haile Selassie Avenue, na pale kona ya Moi Avenue nakuta bustani ndogo yenye uzio. Ulipokuwa ubalozi wa Marekani kabla haujalipuliwa kwa bomu. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Ninyi wa Dar mnaikumbuka saa hiyo, maana wa kwetu ulilipuliwa asubuhi hiyohiyo, dakika chache tu mbele au nyuma. Dar walikufa watu 11. Hapa 213. Majina yao yako ukutani. Nilipokuwa nyumbani, tukio hilo kwangu lilikuwa la Dar, na Nairobi ilitajwa mwishoni mwa sentensi. Huku ni kinyume, Dar ndiyo inatajwa mwishoni, kama haikusahaulika. Sasa hivi mchana watu wanaingia mle kupumzisha miguu, mwingine amevua viatu, mwingine anakula ndizi.

Nadhani ndiyo maana kila mlango wa jengo hapa una askari. Sisemi benki, nasema hata jengo la vinyozi. Anakupapasa kwa kile kifimbo chenye kulia, anafungua begi, anachungulia sekunde moja, anafunga. Baada ya shambulio la Westgate, lile jengo la maduka, mwaka 2013 ilizidi. Ofisi nyingine unaacha kitambulisho na kuandika jina na namba ya simu kwenye daftari kubwa, na anayekuja nyuma yako anaisoma yako yote akitafuta mstari wa kuandika yake. Askari wa jengo letu ananijua, lakini kila asubuhi kifimbo kinalia kwa sababu ya funguo, na kila asubuhi ananiambia, "Pita, Bongo." Sijui kile kifimbo kinamzuia nani.

Haya, kazi. Wengi mnadhani nauza dukani. Nachapa. Mabango, fulana, vitabu vya risiti, kadi za harusi. Lakini kinachotulisha ni kitabu cha mazishi, na hiki kwa watu wa Tanga inabidi nikieleze. Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri tumeshamzika, mchapaji atapata wapi nafasi? Huku, familia nyingi za bara humweka marehemu mochari siku kadhaa, wanachangishana kwenye kundi la WhatsApp, halafu Ijumaa au Jumamosi wanamsafirisha kwenda kuzikwa shamba. Na kila mwombolezaji anapewa kijitabu: picha ya jalada, historia ya marehemu, ratiba ya ibada, picha za ujanani. Kwa hiyo Jumatano na Alhamisi hapa dukani pumzi haipatikani.

Wanakuja watatu wanne: mtoto wa kwanza, mjomba, na mmoja anayejua kompyuta. Picha wanatuma kwa WhatsApp, imeshapungua ubora mpaka uso ni vidoto. Nawaambia nileteeni ile yenyewe niipige upya. Halafu hesabu: karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kitabu kiwe cha kurasa nane, kumi na mbili, kumi na sita. Hakiwi cha kumi. Wakileta maneno ya kurasa kumi lazima wakate au waongeze, na hapo ndipo utakapoiona familia. Kukata, nani anayekatwa? Mashemeji? Wajukuu? Wengi wanaishia kuongeza nyimbo za tenzi mpaka kurasa zitimie.

Na wake wakiwa wawili, mpangilio wa majina hauamuliwi na mimi wala na kompyuta. Mwezi uliopita waliandika "wake zake" wakayaweka majina kwa herufi za alfabeti. Wote wakanyamaza, wakatazamana, wakakubali. Bosi wangu, mama mmoja wa Murang'a, alisema miaka yote aliyokaa kwenye kazi hii hajaona watu wenye akili kama wale. Hatuchapi mpaka mmoja wa familia asaini nakala ya kwanza. Jina likikosewa siku ya mazishi, wewe mchapaji ndiye utakayezikwa.

Malipo ni kwa simu, noti nazishika mara chache. M-Pesa ilianza hapa 2007, kwetu ikaja mwaka uliofuata, lakini huku imeingia mpaka kwenye mahindi ya kuchoma. Sheria ya dukani: mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, shukuru, halafu ungoje wa kwako uingie. Ujumbe hata mtoto anaweza kuutunga.

Chakula cha mchana nisiwachoshe: chapati na maharage kwa mama wa kibandani, na akili inatafuta nazi. Ijumaa naenda Msikiti Jamia, ni mwendo mfupi kwa miguu. Watu wanajaa mpaka nje, na kwa muda ule mdogo nasikia Kiswahili cha pwani kila upande, nasahau kidogo niko wapi.

Sasa tazameni hapo chini, naigeuza simu. Mnaona watu wanaotandika maturubai? Saa kumi na moja imekaribia. Mchana wote njia ya miguu ilikuwa tupu, sasa soksi, vitabu, maparachichi, vifuniko vya simu, vyote vimeshuka chini. Turubai lina kamba kwenye pembe zake nne. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakitokea kule kona, mtu anavuta kamba, turubai linakuwa mzigo, mzigo uko begani, yeye yuko kichochoroni. Na mteja aliyekuwa anajaribu kiatu? Amebaki na kimoja mguuni. Anakaa palepale anangoja, kwa sababu anajua mwenye kiatu atarudi, na mwenye kiatu anajua hataondoka nacho. Hayo nayo hayajaandikwa. Nimeyaona kutoka dirisha hili, nikacheka mpaka bosi akaja kutazama.

Ila kinachonishangaza kuliko vyote ni foleni ya jioni. Kwetu daladala ikifika Posta ya Dar saa kumi na mbili, begi linapita dirishani kabla ya mwenyewe. Hapa, kuna vituo watu wanajipanga mstari mmoja, mrefu, unazunguka kona ya jengo, hakuna kamba, hakuna askari, hakuna kibao. Ukichomekea, hakuna atakayekupiga. Watakuambia tu, watu ishirini kwa pamoja, kwa sauti ya kawaida, urudi nyuma. Utarudi. Mwanasheria yumo, mfagizi yumo, mwenye kijitabu changu cha mazishi kwapani yumo. Lakini tone la kwanza la mvua likidondoka, mstari wote unayeyuka, na hapo tunakuwa Posta, tunakuwa Kariakoo, kila mtu na mbio zake.

Na foleni ina soko lake. Wanapita wauza karanga, pipi, na machungwa yaliyokatwa tayari. Jana nilikuwa kwenye mstari, akaja kijana na machungwa, anayasifu: "Ya Tanga haya, ya Tanga, matamu!" Muheza hiyo, jamani! Nikahisi nimeonana na ndugu. Nikamwambia, kaka, mimi natoka hukohuko yanakolimwa, nipunguzie bei.

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi wewe ndio unajua ni matamu," akasema, "leta hamsini."

Nikalipa. Haya, acha niteremke, kuna mawingu upande wa Ngong. Wiki ijayo soko la Gikomba, inshallah. Msalimieni mjomba.