Povu, Sufuria na Dawa ya Neema

BABA NEEMA: Karibuni tena. Shemeji, Jumamosi nikichemsha bia yangu hapa nyumbani, sufuria imenifurikia.

MAMA MDOGO: Nimesikia. Dada alinipigia usiku ule ule.

BABA NEEMA: Lita 23 kwenye sufuria ya lita 25. Nageuka kuchukua hopsi, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia, kurudi, povu limeshavuka mdomo, linatambaa kwenye jiko la kioo. Maji ya kimea yakiungua pale yanakuwa lami. Mpaka leo nakwangua kwa wembe.

MAMA MDOGO: Na dawa ya mtoto?

BABA NEEMA: Nakuja huko. Leo tulipanga mambo matatu: povu linatoka wapi, dawa ya kulizuia unatia lini, na kiasi gani.

MAMA MDOGO: Anza na dawa. Mwanangu Neema ana miezi minne, analia gesi saa nane usiku, dada anashika kichupa cha dawa yake ya gesi, kimepungua.

BABA NEEMA: Nilitia matone kumi tu kwenye sufuria! Dawa yangu ya povu la bia iliisha, na ile ya Neema ni silikoni hiyo hiyo. Tumboni inaunganisha viputo vidogo vinapasuka. Kwenye sufuria vivyo hivyo.

MAMA MDOGO: Ya mtoto imetiwa utamu na ladha. Ya bia haina. Na kile kidondoshi? Dada anasema kimerudi kinanuka hopsi.

BABA NEEMA: Nilikichemsha.

MAMA MDOGO: Kabla ya kukirudisha, au baada ya dada kukinusa?

BABA NEEMA: ...Baada.

MAMA MDOGO: Shemeji! Hicho kinaingia kinywani mwa mtoto.

BABA NEEMA: Najua. Nimemwomba dada yako radhi, nimenunua vichupa viwili.

MAMA MDOGO: Mimi hata hiyo ya bia siitaki. Protini ya shayiri inapanda dakika zile za mwanzo za kuchemka, basi punguza moto, shika chupa ya kupulizia maji, usibanduke. Bibi yetu kule Kibosho alichemsha ndizi za mbege, ile pombe yetu, mpaka zikawa nyekundu, akasimama na mwiko wake. Tone halikuingia.

BABA NEEMA: Bibi alikuwa na uwanja, mimi niko ghorofa ya tatu Minneapolis. Halafu bia ikichacha, povu linabeba uchungu wa hopsi na kuugandisha kwenye kuta za ndoo. Matone mawili kwa kila lita 4, uchungu unabaki ndani.

MAMA MDOGO: Na povu la kwenye glasi?

BABA NEEMA: Linasimama. Silikoni haiyeyuki, inashikana na hamira, inatuama.

MAMA MDOGO: Ukitikisa mashapo wakati wa kumimina? Sheria ya Marekani imeiwekea silikoni hiyo kikomo, sehemu 10 kwa milioni kwenye chakula. Kwenye maziwa, sifuri.

BABA NEEMA: Kikomo ni ruhusa, shemeji.

MAMA MDOGO: Kikomo ni onyo.

BABA NEEMA: Nimekunywa miaka mitatu.

MAMA MDOGO: Na mimi miaka mitatu nasimama na chupa ya maji, sijafurikiwa hata mara moja.

BABA NEEMA: Una sufuria ya lita 40!

MAMA MDOGO: Ndiyo ninachokuambia. Nunua sufuria.

BABA NEEMA: Sinunui.

MAMA MDOGO: Haya. Yale mambo matatu je?

BABA NEEMA: Muda umekwisha, tuyaache... Unamsikia? Ameamka.

MAMA MDOGO: Naenda mimi. Kichupa kiko wapi?

BABA NEEMA: Juu ya friji. Kile ambacho hakijafunguliwa.