Kwa nini Kail hamuui tu Nakia? Mhadhara kuhusu Red River na Wahiti wenyewe

Nianze na swali ambalo naulizwa kila nikiongelea Red River, ile manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, na najua hata leo kuna watu wamekuja nalo hapa: kwa nini Kail, mtoto wa mfalme, hamuui tu Nakia, malkia ambaye ni mama yake wa kambo? Maana mnasoma juzuu ya kwanza, mnafika ya tano, mnafika ya kumi, yule mama anaua, anatuma wauaji, anawanywesha watu maji yake ya uchawi, ikulu nzima inajua ni yeye, halafu mtoto wa mfalme mwenye jeshi lake anabaki kusema hatuna ushahidi. Basi mnasema mwandishi anavuta hadithi ili ajaze juzuu 28. Hapana jamani, hapana kabisa, na hilo ndilo nimekuja kulisema leo.

Kisa mnakijua, sitakirudia chote. Yuri Suzuki, msichana wa Japani wa miaka 15, anavutwa majini na kuibukia Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, watu wa dola ya kale katika Uturuki ya leo, karne ya 14 KK, kwa sababu Malkia Nakia anataka damu yake ya kafara ili mwanawe Juda arithi kiti badala ya kaka zake. Mwandishi, Chie Shinohara, aliitoa katika jarida la Shōjo Comic kuanzia 1995 hadi 2002. Twende kwenye swali letu.

Nakia ni Tawananna. Hicho ni cheo, tena cha kweli kabisa, Wahiti walikuwa nacho. Tawananna si mke wa mfalme tu. Ana kazi zake za ukuhani, ana mali anazozisimamia, na kubwa kuliko yote, mumewe akifa yeye haondoki. Anakaa na cheo chake mpaka afe, na mke wa mfalme mpya anasubiri. Fikirini mama wa kambo ambaye baba amefariki, lakini funguo za ghala, hati ya nyumba na zamu ya kuongoza sala bado ni vyake kisheria, na wewe uliyerithi ndiye unayetakiwa kumheshimu. Sasa mguse bila kesi uone. Ukimgusa bila kesi umevunja sheria ileile inayokuweka wewe kwenye kiti. Kail analijua hilo, ndiyo maana anahangaika na ushahidi, na ndiyo maana Yuri hawezi tu kupendwa akamaliza. Mnaposema ni hadithi ya mapenzi yenye mapambo ya zamani mnanisikitisha, kwa sababu mapenzi yenyewe yamekwama kwenye sheria ya cheo! Kumpenda Yuri ni rahisi, Kail anampenda mapema. Kumkalisha kwenye nafasi ambayo mtu mwingine anaikalia kihalali, hapo ndipo penye juzuu 28.

Na sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hawajawahi kufika. Kesi hii ilikuwepo. Mfalme Mursili wa Pili, ambaye ndiye Kail Mursili wa manga, alikuwa mtu kweli, na alikuwa na mama wa kambo kweli, binti wa mfalme wa Babeli, mjane wa baba yake Suppiluliuma, Tawananna. Tunayajua haya kwa sababu Mursili mwenyewe aliyaandikisha kwenye vibao vya udongo, katika maombi yake kwa miungu, na vibao vimefukuliwa huko Hattusa, leo Boğazkale nchini Uturuki. Si uvumi wa mtaani, ni mfalme anaongea.

Anasema nini? Anamshitaki mama huyu kwamba alikomba mali ya ikulu akawagawia aliowapenda. Anasema alipokuwa vitani nchi ya Azzi jua likatoa ishara, na mama huku nyuma akawa anawaambia watu kwamba ishara ile inatabiri kifo cha mfalme. Halafu linakuja kubwa. Mke wa Mursili, Gassulawiya, aliugua akafa, na Mursili anasema ni mama wa kambo aliyemlaani mbele ya miungu usiku na mchana mpaka akamuua. Anasema kila siku ya uhai wake roho yake inashuka kwenye ardhi ya giza kwa ajili ya mke wake. Jamani. Mtu ameandikisha hivyo miaka zaidi ya 3,300 iliyopita, mfalme wa dola kubwa, na sisi tunaambiwa kwamba mapenzi kwenye ikulu ya kale ni mambo ya kubuni ya wachora manga.

Haya, akafanya nini? Akauliza miungu kwa ramli, na jibu likaruhusu auawe. Mfalme ana jeshi, ana ruhusa ya miungu, ana uchungu wa mke. Hakumuua. Alimvua ukuhani, akamtoa ikulu, akampa nyumba ya kukaa. Na kwenye maombi anajitetea kabisa, anasema mama yuko hai, analiona jua, chakula anacho, kinywaji anacho, hajakosa kitu, adhabu yangu ni hii moja tu. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini Kail hamuui tu Nakia, nakujibu kwamba hata yule Mursili wa kweli hakumuua wa kwake, na alikuwa na sababu nzito kuliko Kail. Mwisho wa Nakia kwenye manga sitawaharibia, ila mkifika huko mkumbuke haya maombi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, aah, mwandishi kabahatisha. Hakubahatisha! Angalia Zannanza. Mnamlilia wote yule mdogo wake Kail anayetumwa kuoa Misri akauawa njiani, na wengi wanadhani ni kifo cha kuliza wasomaji tu. Ipo kwenye vibao. Suppiluliuma akiwa ameuzingira mji wa Karkemishi, analetewa barua na malkia mjane wa Misri: mume wangu amekufa, mtoto wa kiume sina, nasikia wewe una watoto wengi wa kiume, nipe mmoja awe mume wangu, sitaki kuolewa na mtumishi wangu. Wataalamu wengi wanaona mjane huyu ni Ankhesenamun, mke wa Tutankhamun. Suppiluliuma akasema jambo kama hili halijawahi kumtokea maishani, akamtuma mtu wake Hattusa-ziti akachunguze kama hadanganywi, malkia akakasirika akarudisha barua ya pili, kwa nini unasema nakudanganya. Mwishowe Zannanza akatumwa, na akafa. Aliyetuandikia haya ni Mursili, ndugu yake wa damu, kwenye kumbukumbu za matendo ya baba yao. Baba akalipiza kisasi, mateka wa Misri wakaletwa, na pamoja nao likaja tauni lililokaa nchini kwa miaka 20 hivi. Suppiluliuma alikufa wakati huo, na kaka mkubwa Arnuwanda naye akafuata baada ya muda mfupi. Ndivyo Mursili, mtoto mdogo ambaye majirani walimdharau, alivyojikuta mfalme.

Sasa pingamizi la pili, hili nalichoka. Kwamba huyu msichana wa kigeni anatoka mbali anaingia kwenye dola ya watu anakuwa mwokozi wao, na kwamba kila baada ya sura tatu kuna mwanaume anataka kumlazimisha kimwili. La pili nakubali bila kubishana, zile sura za kulazimisha zimezidi, hazikuhitajika, na dada mdogo akitaka kusoma naanza kumwambia hilo kwanza. Lakini la kwanza, subirini kidogo. Yuri hawafundishi Wahiti ustaarabu. Wao ndio wanaomfundisha farasi, upanga, desturi za ikulu, na anapobaki anabaki kwa masharti yao, kwa cheo chao. Yule Carol wa Ouke no Monshō, manga nyingine ya msichana wa leo anayeangukia zamani, iliyoanza 1976, yeye anaingia Misri na vitabu vya historia kichwani, anajua yatakayotokea. Yuri hajui kitu kuhusu Wahiti. Nani aliwajua? Wengi wetu tuliishia kwa Uria Mhiti na Efroni aliyemuuzia Ibrahimu pango. Wazungu wenyewe lugha ya Wahiti walianza kuisoma mwaka 1915, mtaalamu wa lugha za kale Hrozný alipoifumbua. Kwa hiyo Yuri anajifunza pamoja na msomaji, na hiyo ni heshima kwa Wahiti.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuongelea chuma, basi niseme tu kwamba ile ya Wahiti peke yao kuwa na siri ya chuma ni dhana ya zamani ambayo wataalamu wengi wameiacha, msiibebe kama historia. Na Yazılıkaya, lile patakatifu la mwambani karibu na Hattusa, nayo nairuka.

Ila Puduhepa siwezi kumruka. Mnaosema malkia mwenye sauti ni ndoto ya karne yetu, mtafuteni huyu. Binti wa kuhani kutoka nchi ya Kizzuwatna, aliolewa na Hattusili wa Tatu, mtoto wa Mursili. Aliandikiana barua na Ramses wa Pili moja kwa moja, na mkataba wa amani na Misri wa mwaka 1259 KK ulikuwa na muhuri wake upande wa pili wa ule wa mumewe. Hakwenda vitani kama Yuri, sawa, hapo Shinohara amebuni. Lakini kiti cha kukalia mwanamke yule hakikubuniwa, kilikuwepo.

Ramses wa kwenye manga, yule mwanajeshi wa Misri, si huyu Ramses wa Pili, na kama Yuri angemchagua yeye, hilo tuliweke kwenye maswali. Dada pale nyuma umeinua mkono tangu nilipomtaja Zannanza, karibu.