Korosho na Maganda Yake: Vijana Jikoni Mikindani

SOMOE: Karibuni. Mimi Somoe, niko na kaka Hamisi, tunarekodi hapa Mikindani, Mtwara, baada ya siku yetu ya pili ya mapishi ya vijana na bibi zetu. Hamisi, vidole vinaendeleaje?

HAMISI: Vimebabuka, dada. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Bibi alituambia tupake majivu kabla ya kubangua, mimi nikapuuza.

SOMOE: Pole. Turudi nyuma kidogo. Mara ya kwanza tulipoandaa siku ya mapishi mtaani tulikosea. Vijana walifika sufuria zimeshaepuliwa. Wakala kisamvu, wakapiga picha, wakaondoka. Niliumia sana. Bibi zetu waliamka alfajiri kutwanga, na hakuna aliyewauliza wametwanga nini.

HAMISI: Tuliwaita kula, hatukuwaita kupika. Safari hii walikuta moto haujawashwa. Ming'oko, vile viazi vya porini, na udongo wake, nazi hazijafuliwa, korosho na maganda.

SOMOE: Eleza ule ukaangaji.

HAMISI: Bati limetobolewa kwa msumari, limekaa juu ya mafiga. Korosho zikishapata moto, mafuta yanatoka, mara zinawaka zenyewe! Moshi mweusi, vijana wanarudi nyuma. Bibi kasimama palepale, anakoroga kwa mti mrefu. Halafu, bila kusema neno, akazimwaga chini na kuzifukia kwa mchanga. Moto ukafa. Angechelewa kidogo tu, tungekula mkaa.

SOMOE: Alijuaje?

HAMISI: Kwa harufu, anasema. Dada, mimi nimekulia chini ya mikorosho. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, naijua, bei ya mnada naifuatilia kila msimu. Lakini harufu ile sikuwahi kufundishwa.

SOMOE: Mimi kilichonigusa ni yule kijana mkimya, aliyehamia hapa kutoka Newala. Bibi aliuliza nani amewahi kuchimba ming'oko, maana hailimwi, inatafutwa porini. Akanyoosha mkono. Akaeleza unavyoutafuta mti wake unaotambaa, ukiwa umeshakauka, unaufuata mpaka unapoingia ardhini, ndipo unachimba taratibu usikate kiazi. Wenzake wamezoea kuinunua barabarani imeshachemshwa. Siku ile alikuwa mwalimu wao.

HAMISI: Na bibi akawa anamsahihisha majina kwa Kimakonde.

SOMOE: Majirani zetu wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upishi wa nsima wa Malawi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Ugali huu huu! Na mwaka 2021 ikaitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili, kazi iliyowashirikisha hata watoto wa shule za msingi.

HAMISI: Watoto wa msingi, na sisi tunawafukuza jikoni tukisema wataungua.

SOMOE: Waungue kidogo, wakiwa na mtu mzima pembeni.

HAMISI: Tulipofika kwenye tui, tukakwama. Bibi akaomba kifumbu, kile kichujio cha kusukwa cha kukamulia nazi, tukampa chujio la plastiki. Alilitazama, akalirudisha. Binti mmoja akasema babu yake, kule Lindi, bado anasuka vifumbu.

SOMOE: Nimeshaongea na mzee. Amekubali kuja Jumamosi, ila anasema hasuki peke yake. Kila kijana aje na miyaa yake, majani ya kusukia.