Sadaka ya tetemeko: kanisa la mbali litume nini, na limtumie nani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Asante mchungaji kwa nafasi, na kina mama asanteni kwa chai. Muda wetu ni mfupi kabla ya ibada ya pili, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Mada niliyopewa ni makanisa yanafanyaje janga likitokea ng'ambo, na sitaki tuizunguke dunia nzima, tukae kwanza mji mmoja, Antakya, kusini mwa Uturuki. Ndo Antiokia ile ya kwenye Matendo ya Mitume, mahali ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Tarehe 6 Februari 2023, saa 10 na dakika 17 alfajiri, watu wamelala na nje ni baridi kali, likapiga tetemeko la 7.8, alafu mchana wa siku hiyohiyo likaja la pili la 7.5. Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 50,000, na upande wa Syria maelfu wengine. Antakya ya kale ikalala chini, kanisa la Waorthodoksi likaanguka, msikiti wa Habib-i Neccar ukaanguka, na mji wa jirani, Iskenderun, kanisa kuu la Wakatoliki likaporomoka.

Sasa nani alikuwa wa kwanza kusaidia? Majirani. Watu walichimba kifusi kwa mikono wakati serikali na mashirika bado yako njiani. Pale Iskenderun kanisa kuu limeanguka lakini uwanja wake ukapokea watu waliokosa pa kulala, Wakristo kwa Waislamu, na Caritas ya pale, shirika la misaada la Wakatoliki, ikaanza kazi ikiwa na yenyewe imefiwa na imebomokewa. Aleppo, Syria, ni hivyohivyo, Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, wakafungua milango ya majengo yao na watu wakalala humo kwa mamia kwa mamia kwasababu wanaogopa kurudi kwenye maghorofa yenye nyufa. Na hawa wa Aleppo tayari walikuwa wamekaa vitani karibu miaka 12, walishajua kupikia umati, walishajua nani kwenye mtaa ni mgonjwa wa sukari na bibi yupi anaishi peke yake ghorofa ya nne. Ujuzi huo mtu anayetua leo na begi mgongoni hawezi kuwa nao, hata awe na moyo mzuri kiasi gani.

Ndo maana nasema, na hili ndo nalolilia leo, kanisa la mbali likitaka kusaidia litume hela, na liitume kwa kanisa lililopo palepale au kwa watu ambao tayari wanafanya kazi pale. Sisi Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwenye mji uliobomoka mgeni anahitaji maji, chakula, pa kulala, gari na mkalimani, na vyote hivyo ananyang'anyana na mwenyeji.

Na tusitume marobota ya nguo jamani. Uturuki ni nchi ya viwanda vya nguo, nendeni Kariakoo muulize zile suruali na magauni ya Uturuki yanatoka wapi. Blanketi linalonunuliwa dukani kulekule linafika haraka na linamwachia kitu muuza duka ambaye na yeye amepoteza ndugu. Baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004 mkoa wa Aceh kule Indonesia ulipokea dawa tani kama 4,000, nyingi hazikuhitajika na nyingi maandishi yake hayasomeki na manesi wa pale, ikabidi tena watafute hela ya kuziharibu. Waliozituma walikuwa na nia njema kabisa.

Haiti ndo inaniuma zaidi. Tetemeko la 12 Januari 2010 lilivunja Port-au-Prince, kanisa kuu likaanguka na Askofu Mkuu Joseph Serge Miot akafa siku hiyo. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye Wabaptisti 10 kutoka Marekani wakakamatwa wakielekea mpaka wa Jamhuri ya Dominika na watoto 33 ndani ya basi, hawana karatasi halali za kuwavusha, wakisema wanawaokoa yatima. Ikaja kugundulika wengi wa watoto wale wana wazazi hai. Wazazi waliwatoa kwasababu waliahidiwa shule na maisha, na mzazi aliyelala nje na mtoto ana njaa utamuulizaje kwanini alikubali? Mimi simuulizi. Namuuliza yule aliyekuja na basi, kwanini hakumpa mama yule hema na unga akakaa na mwanawe.

Hapohapo niseme na habari ya chambo. Unga usiwe na masharti ya kuja kusali. Tangu 1994 kuna kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, zinasema wazi msaada usitumike kusukuma msimamo wa siasa wala wa dini, na kati ya walioziunga mkono mwanzoni kabisa wamo Caritas Internationalis, Shirikisho la Walutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mtu akikuuliza kwanini unamsaidia, mweleze imani yako kwa furaha. Ila usimpangie foleni ya mkate nyuma ya mahubiri, mtu mwenye njaa hana uhuru wa kukukatalia.

Najua swali linalowaka vichwani mwenu: hela italiwa. Swali zuri, na Paulo alilijua. Someni Matendo 11 mwishoni. Nabii Agabo katabiri njaa, ikaja kweli enzi za Klaudio, wanafunzi wa Antiokia kila mtu kadiri alivyojaliwa wakachanga, wakawapelekea wazee wa kule Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli, ndo Paulo huyohuyo. Wakakabidhi wazee, wenyeji! Alafu 2 Wakorintho 8, Paulo anasema hasafiri na mchango peke yake, kuna ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu. Mtume mzima anakubali kukaguliwa, sembuse sisi.

Wakati mwingine hela yenyewe inakwama njiani. Kwa Syria 2023 benki ziliogopa vikwazo vya kiuchumi ilivyowekewa nchi hiyo, makanisa ya Mashariki ya Kati yakapaza sauti, na tarehe 9 Februari Marekani ikatoa kibali cha siku 180 kuruhusu miamala ya misaada ya tetemeko. Kwahiyo kupiga kelele kwa wakubwa nako ni msaada, maana kuna siku sadaka imeshakusanywa na kinachozuia ni karatasi.

Kwetu hapa naomba vitu vichache tu. 1 Wakorintho 16 inasema mtu aweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, yaani kabla hata Paulo hajafika. Baraza la wazee lifungue akaunti ya majanga sasahivi wakati hakuna picha za kutisha kwenye simu, iwe na sahihi tatu, moja ya kina mama na moja ya vijana, risiti zisomwe hapa mbele hadharani, na nusu ya kitakachochangwa isitumwe mwezi wa kwanza, ingoje mwaka wa pili, kamera zikishaondoka na watu bado wanaishi kwenye makontena. Mchungaji, karatasi ya mapendekezo nimeshampa katibu, waumini wanaweza kuisoma wakitoka.