Sufuria ya ukoo katika nyumba ya watu wawili

Mhadhara kwa wanandoa wapya na wanafunzi wanaojipangia vyumba, ukumbi wa parokia, komine (mtaa wa mji) ya Kenya, Lubumbashi, Kongo

Jambo yenu wote. Wababa mliokuja, asanteni, maana niliambiwa nitaongea na wamama peke yao, na mambo ya jikoni yakiongelewa bila mwenye kutoa pesa huwa yanaishia kwenye malalamiko.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamtalipenda. Nyumba ya watu wawili haili kwa nusu ya gharama ya nyumba ya watu wanne. Inakula kwa zaidi ya hapo. Mtu akioa, akahama kwa wazazi kule Katuba au Ruashi, akapanga chumba chake na sebule, anadhani matumizi yatakuwa mepesi kwa sababu midomo ni miwili tu. Mwezi haujafika katikati, anashangaa. Hajala nyama, hajanywa bia, na pesa imeisha. Imeenda wapi?

Imeenda sehemu mbili: kwenye kipimo alichonunulia, na kwenye moto. Leo nitaongea hasa juu ya hivyo viwili. Mapishi mnayajua, mama zenu waliwafundisha. Ila walifundisha kupikia watu kumi.

Turudi nyuma kidogo. Huu mji umekula bukari (ugali) ya mahindi tangu mwanzo kwa sababu ya migodi. Union Minière, kampuni ya migodi, iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910, wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali, na watu hao walilishwa kwa posho: unga, maharagi, samaki, mafuta, chumvi. Unga mwingi ulitoka upande wa pili wa mpaka, ile nchi ambayo leo ni Zambia. Hata baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967 na kampuni kuja kuitwa Gécamines, unga uliendelea kufika nyumbani kwa mfuko. Wazee walioko hapa wanakumbuka. Mama wa kambi hakuwa anaenda sokoni kupima unga kila jioni. Mfuko ulikuwa pale kwenye kona, na kazi yake ilikuwa kutafuta mboga tu.

Miaka ya 1990 uzalishaji ulipoanguka, posho ikaanguka nayo. Hapo ndipo meka, lile kopo la kupimia sokoni, ilipokuwa mfalme. Sasa tunanunua unga wa leo leo, makala (makaa) ya leo leo, mafuta kwa kisashe, kifuko kidogo kinachotosha kukaangia kitunguu kimoja. Waswahili wanasema haba na haba hujaza kibaba. Sokoni, jamani, haba na haba humaliza mfuko.

Tazameni hapa mezani. Nimeleta meka mbili. Ukiziangalia kwa juu ni sawasawa, mdomo ni ule ule. Sasa nazigeuza. Hii ya kwanza kitako chake ni bapa. Hii ya pili kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Naona mnacheka, mnazijua. Sasa najaza unga hii nzima mpaka mdomoni, nasawazisha kwa kijiti, namwagia ndani ya hii iliyogongwa. Umeona? Imejaa, na unga umebaki. Huo uliobaki ndio wanaokuibia kila jioni. Na si hivyo tu: unga ukipepetwa na kumwagwa kutoka juu huingia hewa, hujaza meka upesi. Ukigonga meka mara tatu mezani, unashuka. Kwa hiyo ukienda kununua, weka kidole ndani ya kitako kwanza, halafu omba ichapwe kidogo kabla ya kusawazishwa. Na matabishi, ile nyongeza ya bure, uombe baada ya hapo. Ukiomba matabishi kabla, mwenye kuuza atakuwekea kilima kizuri juu ya meka iliyo na shimo chini, na wewe utaondoka unashukuru.

Lakini hata meka ya haki ni ghali kuliko mfuko. Fanyeni hesabu wenyewe, msiniamini mimi. Chukua bei ya mfuko wa kilo 25, igawe kwa 25. Halafu peleka meka yako ya unga kwa mtu mwenye mizani, ujue kilo moja umeilipa ngapi. Hiyo tofauti unailipa kila siku kwa sababu huna pesa ya mfuko siku moja. Ndivyo mwenye kidogo anavyolipishwa zaidi.

Sasa mtu ataniambia: mama, sisi wawili tutamaliza lini mfuko wa kilo 25? Tuhesabu. Mtu mzima akila gramu 300 za unga kwa siku, wawili ni gramu 600, mfuko unafika siku arobaini. Ni muda mrefu, hasa wakati wa mvua. Unga uliosagwa pamoja na kiini una mafuta ndani yake. Ukikaa kwenye unyevu na joto unaanza kuwa mchungu, na wadudu nao hawahitaji barua ya mwaliko. Unga mweupe uliotolewa kiini unadumu zaidi, ila umepoteza sehemu kubwa ya kilicho na faida mwilini. Kwa hiyo jibu langu ni hili: nyumba tatu za lango moja zinunue mfuko mmoja. Kila nyumba inapata kilo nane na kitu, inaila kwa wiki mbili hivi, haujachacha, haujaingia wadudu. Mnagawana mbele ya macho ya wote, kwa meka moja ile ile, hata kama kitako chake kimegongwa, maana hapo kila mtu anapunjwa sawa. Likelemba, ule mchezo wa kuchanga kwa zamu, mnaijua vizuri, mnaichezea pesa. Ichezeeni unga.

Sasa twende kwenye moto. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi hawaangalii.

Makala yanatoka mbali sasa. Misitu iliyokuwa karibu na mji tumeikata, tumeichoma, na kila mwaka lori na baiskeli zinatoka mbali zaidi. Halafu wewe, kwa ajili ya nusu kopo la maharagi, unawasha mbabula (jiko la makala) kubwa uliyopewa na mama mkwe, unajaza makala mpaka juu, unaweka sufuria ya ukoo ambayo maharagi yako yanaogelea chini yake, bila kifuniko kwa sababu kifuniko kilipotea siku ya harusi. Moto unawaka kwa muda wa saa tatu. Ukitoa mboga, makala bado ni mekundu na hakuna cha kuweka juu. Umepika chakula cha watu wawili kwa moto wa watu kumi.

Kwa hiyo kabla ya sahani za maua, kabla ya mapazia, nunueni sufuria ndogo yenye kifuniko kinachokaa sawa, na mbabula ndogo. Zile zenye udongo ndani zinashika joto zaidi kuliko za bati tupu; kule Kenya (nchi ya Kenya, si komine yetu) zilianza kuenea tangu miaka ya 1980, na watu wanapunguza makala kwa kiasi kinachoonekana mfukoni. Wakati wa kununua makala, gonganisha vipande viwili: yaliyoiva vizuri yanalia kama chuma, mabaya yanatoa sauti butu na kuacha vumbi. Na wakati wa mvua angalia chini ya mfuko, maana juu wanapanga yaliyo makavu. Jambo moja zaidi, halafu nisilirudie: mwezi wa sita na wa saba baridi ikiuma, msiingize mbabula chumbani mkalala nayo. Hewa yake haina harufu na inaua.

Maharagi. Hii ndiyo nyama ya nyumba ya watu wawili, na inalala vizuri na bukari. Mahindi yanakosa kitu fulani ambacho mwili unahitaji kujengea nyama yake, na maharagi yanacho kwa wingi. Ndiyo maana vikiliwa pamoja vinashiba kweli. Lakini watu wanayaogopa kwa sababu ya makala. Na hapa kwetu wana sababu: Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maharagi yanachelewa.

Fanya hivi. Jioni loweka nusu kilo, si kilo. Asubuhi mwaga yale maji, weka maji mapya, funika, washa moto mkali. Yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, yanarukaruka. Usipunguze hapo, kwa sababu maharagi, hasa mekundu, yana sumu inayosumbua tumbo, na sumu hiyo inakufa kwa kuchemka kweli tu, haifi kwa joto la polepole. Baada ya nusu saa, toa sufuria ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kikapu ambacho umekitandika blanketi kuukuu, funika juu na pande zote, weka mto juu. Nenda kazini, nenda misa, nenda chuo kikuu kule Kasapa usome. Ukirudi baada ya saa nne au tano, fungua. Yameendelea kuiva yenyewe. Unayarudisha motoni kwa muda mfupi yachemke tena, uweke kitunguu, chumvi na nyanya. Nyanya iwe mwisho, tafadhali. Uchachu wake unafanya ganda la haragi ligome kulainika, halafu mnalaumu mwenye kuuza kwamba kawapa maharagi ya mwaka juzi. Magadi yanalainisha, ndiyo, lakini yanaua vitamini, kwa hiyo mimi siyaweki.

Ile nusu kilo inazaa zaidi ya kilo moja ya maharagi yaliyoiva. Usiiunge yote. Iliyobaki bila kuungwa unaichemsha asubuhi na jioni kama huna friji, au kama unayo lakini umeme unakuja kama mgeni. Kesho yake unaichanganya na lengalenga (mchicha) na kalanga (karanga) ya kutwanga, na hiyo ni mboga nyingine kabisa. Siku ya tatu usiniulize. Wakati wa joto siku ya tatu ni ya bahati.

Sombe (majani ya muhogo), mtanisamehe wenye kuipenda, na mimi ni mmoja wao. Sombe ya watu wawili ni anasa. Majani yake yanataka kutwangwa vizuri na kuchemka muda mrefu, kwa sababu muhogo una sumu ndani ya jani. Kutwanga ndiko kunaifungua, na mvuke unaiondoa, kwa hiyo mwanzoni pikeni bila kifuniko. Hakuna njia ya mkato hapo, na moto ni ule ule upike kidogo au upike nyingi. Kwa hiyo sombe ipikwe nyumba mbili pamoja, sufuria moja, mwenye makala na mwenye mafuta. Siku za kawaida nunua matembele au lengalenga, dakika chache tu ziko tayari.

Mboga nyingine nazipitia haraka. Nyanya ni za kiangazi. Wakati wa mvua zinaoza shambani na bei inapanda, kwa hiyo mwezi wa saba na wa nane zikiwa tele zikate, zitie chumvi, zianike. Uyoga na mahindi mabichi vije na mvua, msivitafute kabla. Kapenta, wale dagaa wakavu, ni samaki anayefaa nyumba ya watu wawili kuliko wote: kiganja kimoja ni mboga ya wawili, na kwa vile unamla mzima na mifupa yake, unapata na kile kinachojenga mifupa. Chagua anayeng'aa kama alivyotoka ziwani. Aliyekuwa wa njano na ananuka mafuta makuukuu, mwache. Mwagie maji bakulini, mkoroge, mwopoe kwa mkono kutoka juu. Mchanga unabaki chini, na wakati mwingine unashangaa ulinunua samaki au ulinunua mchanga.

Kuna kijana pale mlangoni ameinua mkono. Ndiyo, sema.

Anasema yeye anaendesha motari (pikipiki ya abiria), analipwa kwa siku, anamwachia mke wake pesa ya mboga kila asubuhi. Anauliza mfuko atautoa wapi.

Swali zuri, na nusu ya ukumbi huu iko hapo. Mwanangu, usimwambie mke wako abane ile pesa ya kila siku mpaka mfuko upatikane. Ile haibaniki, mtalala njaa. Chagua siku moja katika wiki ambayo motari inaleta zaidi, unaijua mwenyewe. Siku hiyo, kabla hujafika nyumbani, pesa ya wiki ya unga unaiweka kwa jirani anayeshika likelemba ya mfuko, siyo kwako, kwa sababu ikilala kwako itaonana na tairi. Wengine wawili wanafanya vivyo hivyo. Kama zamu ya mfuko ni kila baada ya wiki mbili, basi ni malipo mawili madogo. Ya kila siku yanabaki kwa mboga na makala tu, na mke wako hapimi tena unga jioni gizani. Na ukitaka kujua kama inakusaidia, andika wiki mbili za sasa kabla hujaanza, halafu andika wiki mbili za mfuko. Daftari la shule linatosha. Mwandike wote wawili, kila mtu na mwandiko wake.

Mwingine? Mama wa kitambaa cha kijani.