Manjano, Ndimu na Jua la Adhuhuri

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mimi ni mfamasia, na hili la singo, ule mchanganyiko wa manjano anaosugulia ngozi bibi harusi, nimelisema Langoni, nimelisema Shela, hapa hapa Lamu, na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa mabibi harusi waliobabuka.

Manjano sina ugomvi nayo. Ndani yake mna kurkumini, nayo ni antioksidanti. Mnajua mafuta ya nazi yakikaa sana huchacha, hewa imeyaharibu. Antioksidanti huzuia uharibifu wa namna hiyo, na ngozi nayo huharibiwa hivyo na jua. Lakini kurkumini ni kama gramu 3 tu katika gramu 100 za manjano, haiyeyuki vizuri katika maji, na mwanga huivunja. Basi mtu asikuuzie singo akakwambia itakukinga na jua.

Sasa ndimu. Msichana wa jamaa zangu, siku tano kabla ya nikahi, alichanganya manjano na ndimu ati ang'are. Akajipaka shingo na mikono, akajisuuza juu juu, kisha saa sita mchana akapanda mashua kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege wa Manda. Siku ile hakuona kitu. Kesho yake jioni shingo inawaka moto. Kesho kutwa malengelenge, tena kwa michirizi, pale pale maji ya ndimu yalipotiririka. Akaolewa kajifunika mtandio hadi kidevuni, na alama nyeusi zikakaa miezi mitatu. Watu wakasema kijicho. Kijicho gani? Ndimu ina furanokumarini, na zikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza.

Mtaniambia, "Bibi zetu walisingwa manjano na hawakubabuka." Kweli. Bi harusi wa zamani alifungiwa ndani, na somo wake, yaani kungwi wake, alichanganya kwa liwa, unga wa msandali, na marashi. Nyinyi mnajisinga asubuhi, adhuhuri mko baharini!

La pili, haraka. Nunueni manjano mazima, mtwange wenyewe. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa Bangladesh manjano yalitiwa kromati ya risasi, rangi ya manjano yenye madini ya risasi, yapate kung'aa. Risasi hiyo ni sumu, nayo huingia kwa mdomo, na mtoto hulamba mkono wa mamake.

Mwenye mzio huwashwa na manjano yenyewe, kwa hiyo jaribuni ndani ya kiwiko, mngoje siku mbili. Hina nyeusi nilitaka kuisema, lakini adhana hiyo. Aliye na harusi wiki ijayo asiondoke, anione, na unga wake aje nao.